Nyuki Kwenye Seva ya Mama Mkwe

Jamani, niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa shemeji zangu: mimi, fundi kompyuta ninayeheshimika Tabora mjini, nimewahi kusimama kifua wazi mbele ya mama mkwe wangu, tena si nyumbani, ofisini, mbele ya chama kizima cha wafuga nyuki wa Ipole, na nikabaki hivyo hivyo mpaka kazi ikaisha. Chekeni, lakini subirini mwisho.

Mama mkwe ndiye mwenyekiti wa chama. Seva yao ni ya zamani, waliachiwa na mradi fulani, na ndimo zilimo taarifa za kila pipa la asali, limetoka msitu gani, mizinga ya nani. Mnunuzi wa kutoka Dar alishafika na lori, na alisema wazi kwamba bila karatasi ya kila pipa hapakii, na saa nane mchana anaondoka. Seva nayo memori ilikuwa imeielemea, inatoa karatasi moja, inapumzika. Nikaitwa, nikanunua vijiti vya memori, nikapanda pikipiki asubuhi huku najisifia njiani peke yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu, uonje kwanza."

Kule msimu wa asali mgeni hashiki kazi kabla hajalamba sega jipya, ukikataa umewaambia asali yao mbaya. Nikalamba, tena nikaongeza. Likaletwa beseni la maji ninawe. Sasa mimi nilishavaa ile kamba ya mkononi ya mafundi, ya kuzuia umeme wa mwili usiunguze memori, na niliona wazee wanaitazama kwa heshima, nikaona nikiivua nitashuka cheo. "Nimeshajifuta, mama," nikasema, nikapitisha vidole kwenye suruali, nikaanza.

Nikachomeka vijiti huku natoa mhadhara (hakuna aliyeniuliza), nikawasha bila kurudisha mfuniko ili waone feni zinavyozunguka. Seva ikalia pii, pii, pii, yaani memori haisomeki, na kioo cheusi tii. Nikazima, nikavichomoa, nikavichomeka upya, nikawasha tena, kila nikigusa naongeza asali, na zile feni zinapuliza harufu mpaka nje ya dirisha. Msimu ule nyuki hawako mbali. Akaja mmoja, wakaja wenzake, mara seva yote inanguruma na mmoja yumo ndani ya shati langu!

Wafuga nyuki hawakimbii. Aliyekimbia ni mimi peke yangu. Nikakata vifungo, nikatupa shati, nikazunguka meza nikipiga kelele kama mtoto, nikajikuta uso kwa uso na mama mkwe, naye kwa heshima ya ukwe akajifunika khanga usoni akageukia ukutani. Mnunuzi pale mlangoni alicheka mpaka akashika ukuta.

"Leteni moshi!" akasema mzee mmoja, na kopo la kufukizia likaja linafuka.

"Moshi hapana!" nikapiga kelele. "Masizi yataimaliza mashine, na asali yenu italala hapa!"

Kopo likarudishwa nje. Mama mkwe akauliza, bado kaangalia ukuta, "Sasa tufanyeje, baba? Lori litaondoka. Hii ni asali ya watu wote."

Kusikia hivyo, aibu ikanitoka, nikawa fundi. Nikachomoa umeme, nikaokota shati langu (la kanisani, mke wangu ndiye aliyelichagua), nikaliponda ndani yake sega lote lililobaki, nikalitundika uani mbali na dirisha. Nyuki wakanusa, wakaanza kuhama kidogo kidogo, mpaka seva ikabaki tupu. Nikavua kamba, nikanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nikaomba ufutio wa penseli kwa karani, nikasugua asali kwenye meno ya dhahabu ya kila kijiti, yale yanayoingia kwenye seva, mpaka yakang'aa, nafasi zake nikazisafisha kwa spiriti nikazisubiri zikauke, kisha nikavibana jozi kwa jozi, maana seva hizi za zamani hazitaki kijiti kimoja kimoja. Kifua wazi, bega limevimba. Nikawasha.

Pii moja tu. Moja! Kioo kikawaka, memori yote ikasomeka, na ile mashine iliyokuwa inapumzika kila karatasi ikaanza kuzitema mfululizo mpaka karani akawa hawahi kuzipanga. Yule mnunuzi aliyenicheka alisaini mpaka akalalamika mkono unamuuma. Pipa la mwisho lilipanda lori kabla ya saa nane.

Mama mkwe, bado hanitazami, akapiga kigelegele, wanawake wote wakadakia, mmoja akanirushia khanga nijisitiri, nikajifunga mabegani nikatoka barazani natembea kama chifu.

Tangu siku hiyo nimeapa, kazi ya ukweni naifanya mlango umefungwa, bila watazamaji na bila mhadhara. Ila vigelegele vile, jamani, nivisikie tena mara moja tu, hata mzinga mzima unishukie!