Pazia, Mkwe na Karata ya Kuzima Umeme

Sikuteleza. Naliandika hili kwanza ili liniondoke, maana kwa muda mrefu sasa ukiuliza pale mtaani kwetu Bilele, Bukoba, au kule Izigo kwa wakwe zetu, utaambiwa kwamba mama Kemi siku ile aliteleza kwenye maji, akaangukia pazia, na pazia likamtupa kwa mkwe wake. Nimelisema hilo kanisani, nimelisema msibani, nimelisema hata kwa daktari aliyetaka kujua goti limefanya nini. Maji hayakuwapo. Yalikuja baadaye, na nitaeleza yalivyokuja.

Kwetu Wahaya, kwa wasiojua, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Akiingia yeye sebuleni, wewe unapita nyuma ya nyumba; mkisalimiana, mnasalimiana ukuta ukiwa katikati; mkono hampeani, na kama kuna neno la kumwambia unamtuma mtu. Mimi ni mwanamke niliyesoma chuo kikuu, nikarudi nikasoma tena, na niliwahi kuandika makala gazetini nikiuliza kwa nini tunawakimbia watu tuliowapa watoto wetu wenyewe. Makala ilisifiwa. Kisha binti yangu Kemilembe, tunayemwita Kemi, akaleta mchumba, na mimi mwandishi wa makala nikaenda sokoni nikanunua pazia zito la kijani nikalitundika kati ya sebule na korido kabla kijana hajafika (mtu huandika kama msomi, lakini pazia hununua kama mama yake).

Mchumba anaitwa Mujuni, daktari wa mifugo kule Muleba, mtoto wa mzee wa kanisa la Kilutheri, kijana mpole ambaye ukimwambia kaa anauliza wapi. Yeye na Kemi walikutana Mwanza kwenye mchezo wa karata. Niliposikia hivyo nilishtuka kidogo, kwa sababu karata ninazozijua mimi ni zile za kijiweni, za watu kupiga meza na kutukanana, lakini Kemi akanionyesha boksi lenyewe na nikakuta ni jambo jingine kabisa. Kuna mji wa miaka ijayo, taa za rangi zinawaka usiku kucha, mvua hainyamazi (kama Bukoba, nilimwambia, ila bila migomba), watu wana mikono ya chuma na nyaya zinazotoka kisogoni, na kampuni moja imemiliki kila kitu mpaka kumbukumbu za watu. Wachezaji ni wadukuzi wanaojaribu kuingia kwenye mitambo ya kampuni hiyo. Kila mmoja anaanza na fungu dogo la karata dhaifu, na kadiri mnavyocheza ananunua karata zenye nguvu zaidi na kuzichanganya na zile za mwanzo, kwa hiyo fungu linakua, ingawa takataka ulizonunua kwa pupa mapema zinaendelea kukurudia mkononi mpaka mwisho, jambo ambalo lilinikumbusha masomo yangu.

Lakini kilichoninasa ni kwamba hakuna anayeshindana na mwenzake. Adui ni mchezo wenyewe. Mnashinda pamoja au mnashindwa pamoja, na mmoja wenu akifa, hata kama wengine mna nguvu namna gani, boksi linafungwa.

Sasa mchezo wa namna hiyo hauchezeki kimyakimya. Lazima mshauriane, na mimi nilianza kwa kusikiliza tu nikiwa kwenye korido na kitabu mkononi, kisha nikaanza kukohoa pale walipokosea, na siku moja Kemi akasukuma stuli na fungu la karata kwa chini ya pazia, bila neno. Mume wangu alikataa kujiunga, akasema yeye ana kazi, akaenda kulala. Basi tukawa watatu: Mujuni sebuleni, mimi korido, na Kemi kwenye mkeka pale mlangoni, mguu mmoja huku, mwingine kule, akipeleka maneno.

"Mwambie asinunue ile ya jicho la kioo," nasema.

"Mama anasema usinunue ya jicho la kioo."

"Mwambie mama nimesikia," anasema Mujuni, ambaye alikuwa amekaa umbali wa mkono wangu na alikuwa amesikia mara ya kwanza.

Hivyo ndivyo tulivyocheza, Jumamosi baada ya Jumamosi, na niseme ukweli kwamba tulikuwa hodari. Yeye na mimi tulielewana kuliko ninavyoelewana na watu wengi ninaowaona sura.

Siku ya mkasa wazee wa Izigo walikuwa wanakuja kupanga tarehe ya ndoa. Hilo ndilo lilikuwa limebaki, tarehe tu, na Kemi alikuwa na wiki nzima hajala vizuri. Mujuni alitangulia asubuhi ili awapokee. Wageni walitarajiwa jioni, ndizi zilikuwa jikoni, nyumba imefagiliwa, mume wangu ametoka kwenda kuangalia soda, na mimi (hapa ndipo uamuzi wenyewe mdogo ulipo) nikasema tucheze mara moja tu, Kemi apunguze wasiwasi.

Ule mchezo wa siku ile ulikuwa mbaya tangu mwanzo. Kengele za hatari za kampuni zilianza kulia mapema, na kufika mwishoni mimi na Kemi tulikuwa wote tumeunganisha vichwa vyetu na mtambo mkuu, yaani nyaya zimeingia kisogoni, na tulihitaji Mujuni afungue mlango mmoja tu tumalize. Mkononi alikuwa na karata tuliyoipa jina Zima Umeme. Ni karata kubwa, inaua walinzi wote, lakini inamuua pia kila mtu aliyeunganishwa. Kemi alimwambia asiiguse. Akamwambia tena. Kisha ikasikika harufu ya chungu kuungua, Kemi akaruka kwenda jiko la nje, na ile saa ya mchanga inayowaharakisha wachezaji ikawa inamalizikia.

Nikamsikia Mujuni anajisemea, taratibu, kama mtu anayesoma dawa ya ng'ombe: "Nikizima umeme, walinzi wote wanaondoka."

Nikaita, "Kemi." Kimya. Nikaita tena. Nikakohoa kikohozi chetu cha makosa, nikakirudia mpaka koo likauma, na Mujuni, kwa adabu zake, akasema, "Pole, mama," akashika karata.

Ninawaomba mnielewe hapo. Ningeweza kusema, "Mujuni, acha." Maneno mawili. Lakini mjumbe hakuwapo, na kumsemesha mkwe moja kwa moja, tena kwa jina, niliona ni utovu wa adabu ambao mama yangu asingenisamehe kaburini. Kwa hiyo sikumsemesha. Nilimpitia pazia.

Nilikwenda na pazia lote, na fimbo yake, na plasta kidogo ya ukuta. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, goti langu likagonga meza, karata zikatawanyika, na nikiwa nimefunikwa kitambaa cha kijani kutoka kichwani mpaka miguuni kama bibi harusi wa watu wasiojulikana, nikamwambia mkwe wangu, kwa sauti ambayo jirani alinirudishia baadaye neno kwa neno, "Ukizima tunakufa wote."

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mume wangu alikuwa amesimama pale na kreti la soda, na nyuma yake Ta Rutashobya, baba yake Mujuni, kofia mkononi, na shangazi yake Mujuni, Ma Elina, mfanyabiashara wa samaki wa kisiwa cha Bumbire, amekumbatia sangara aliyefungwa kwenye kiroba. Walikuwa wamepata lifti ya gari la samaki, wakafika mapema.

Mujuni alikuwa amefumba macho, kama anavyopaswa. Ila mkono wake ulikuwa bado ndani ya mikono yangu.

Karata moja ilikuwa imefika karibu na kiatu cha Ta Rutashobya. Akaiokota. Ilikuwa na fuvu lenye nyaya machoni. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaiweka mezani kifudifudi.

"Nimeteleza," nikasema. "Kwenye maji."

Ma Elina akainamisha kichwa akatazama sakafu. "Maji yako wapi, waitu?" akauliza, kwa neno letu la heshima.

Ndipo Kemi akaingia kutoka nje na kikombe mkononi, akasikia neno maji, akaelewa nusu, akamwaga kikombe pale sakafuni mbele ya watu wote.

"Haya," akasema Ma Elina. "Nimeyaona."

Mume wangu, ambaye ana moyo mzuri na ndiyo sababu tuko pamoja hadi leo, akaona familia yake inazama, akasema kwamba ni bomba. Bomba la bafuni linavuja, amelisemea siku nyingi. Ta Rutashobya akaweka kofia chini akasema yeye amejijengea nyumba mbili kwa mikono yake na hawezi kukaa kwa wakwe zake maji yakiwamwagikia wanawake, twende ukanionyeshe. Wakaenda. Bomba lilikuwa kavu kabisa. Mume wangu (hili alinieleza siku nyingine, tukiwa tumezima taa) alimwomba mzee amletee tochi kutoka sebuleni, na mzee alipogeuka, yeye akalegeza nati kidogo ili angalau pawe na tone.

Halikuja tone. Nati iliruka, na maji ya mjini, ambayo kwa kawaida tunayasubiri kwa ndoo na maombi, siku ile yalikuja yote. Yalipita bafuni, yakaingia korido, yakapita pale pazia lilipokuwa, yakafika sebuleni, ambako Ma Elina aliinua miguu akamweka sangara mapajani akasema, kwa utulivu kabisa, "Mimi nimekaa kisiwani na watu wa kila kabila, tumekaa na mawimbi, lakini nyumbani kwangu maji hayajawahi kufika hapa." Karata zilielea. Mume wangu alitoka bafuni ameloa mpaka soksi. Mimi nilikuwa nimekimbilia chumbani, kwa sababu mwenzangu Mujuni bado alikuwa sebuleni na macho yamefumbwa, na mtu aliyefumba macho hawezi kuinua miguu kwa wakati.

Ndizi ziliungua. Wageni walikunywa soda wamesimama. Tarehe haikutajwa. Ta Rutashobya alipoaga alisema tu, "Tutawapigia," na mnajua neno hilo lina uzito gani likisemwa na mzee anayeangalia kofia yake.

Simu haikupigwa wiki ile wala iliyofuata. Mujuni alimwandikia Kemi kwamba wazee wanakaa kikao, kwamba kuna wanaosema heshima imevunjika na mama aliyemshika mkwe mkono atashindwa nini tena, na kwamba yeye ameambiwa asije Bilele mpaka waamue. Kemi alianika karata juani, moja moja, kwenye kamba ya nguo, akazibana na vibanio. Nilikwenda kumsaidia.

"Mama," akasema bila kunitazama, "ile makala yako uliandika kwamba haya ni mambo ya kuogopana bure."

"Niliandika."

"Basi kwa nini hukumwita tu?"

Nimejibu maswali ya maprofesa watatu wakiwa mezani na miwani yao, lakini hapo nilibana karata niliyokuwa nayo, nikarudi ndani. Jioni ile nikaapa, na kiapo hicho nakishika hadi leo: sitakaa tena nyuma ya pazia kucheza na mkwe kama mjumbe ana chungu motoni.

Simu ilinikuta Muleba mjini, nimekwenda kuzungumza na walimu. Nilitoka nje nikasimama chini ya baraza la duka la pembejeo. Ta Rutashobya akanisalimia kwa Kihaya kwa kirefu, akauliza nyumba, akauliza mvua, akauliza migomba, na mimi nikajibu yote.

"Mama Kemi," akasema kisha, "kijana anasema hukuteleza. Wazee wengine wanasema uliteleza. Nataka nisikie kwako."

Nilifikiria mume wangu na soksi zake.

"Sikuteleza, waitu."

Akasema, "Ulikuja mwenyewe."

"Nilikuja mwenyewe."

"Hiyo karata aliyotaka kuiweka, angeiweka ingekuwaje?"

Sikulitegemea swali hilo. Nikamweleza, kwenye kelele za pikipiki, habari za kampuni na nyaya na walinzi, mzee wa kanisa ananisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo wewe na Kemi mngekufa."

"Tungekufa."

"Na yeye?"

"Yeye angebaki. Lakini mmoja akifa wote wameshindwa. Mchezo wenyewe ndivyo ulivyo."

Nikasikia sauti ya Ma Elina nyuma yake. Ta Rutashobya akarudi kwenye simu. "Elina anauliza, alikuwa ameambiwa?"

"Kemi alimwambia mara mbili, waitu."

Walizungumza wenyewe kwa wenyewe, simu ikiwa imefunikwa na kiganja, nami nikasoma bei za mbolea zote zilizobandikwa ukutani bila kuelewa hata moja.

"Tumeelewana," akasema. "Kijana aliambiwa mara mbili na mke wake mtarajiwa, hakusikia, mpaka mama mzima akalazimika kuvunja nyumba. Hilo ni kosa la kwetu. Tutaleta mbuzi. Tarehe mpange nyinyi, sisi ndio wakosaji."

Nikamjibu kwa Kihaya, kwa sababu Kiswahili changu chote na shahada zangu vilikuwa vimeniishia, kwamba tumewasamehe.