Kaseti ya Mzee Ambrus Ilipopona

Programu iliyogoma karibu miaka arobaini ilifunguka mbele ya macho yetu, Jumamosi mchana, hapa hapa Salgótarján, Hungaria. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Mwenye kaseti peke yake hakupiga.

Naitwa Vendel. Ngoja niwasimulie ilivyokuwa, maana nikikaa nacho hiki kisa kinanikaba.

Sisi ni klabu ya watu kumi na kitu, wengi wetu vipara, tunaopenda kompyuta za kale. Zile za miaka ya themanini, unachomeka kwenye televisheni, programu zake zinakaa kwenye kaseti kama za muziki. Mara moja kwa mwezi tunakutana chumba cha chini cha nyumba ya utamaduni. Rozália analeta pogácsa za moto, vile viandazi vya chumvi, tunachomelea nyaya, tunabishana, tunarudi makwetu.

Wake zetu wanasema tumerudia utoto. Hatubishi.

Tulikuwa na kanuni moja tuliyoringia kupita kiasi: kompyuta ya kisasa haigusi meza yetu. Ukija na laptop, iache mlangoni na koti lako. Mashine ya zamani inatibiwa kwa mashine ya zamani.

Kanuni hiyo ilikuwa ya Szilárd.

Szilárd ni kichwa, hilo hata asiyempenda anakubali. Mashine iliyokufa mpaka ikaota kutu, yeye anaiamsha. Ila ana tatizo lake: ukianza sentensi, anakumalizia. Na anakumalizia vibaya.

Mzee Ambrus alitujia theluji ikiwa bado iko barabarani. Mstaafu wa reli, mpole, anaongea taratibu kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Alitoa kaseti iliyofungwa kwenye leso. Utepe wake ulikuwa umetafunwa na kukatika.

Akatueleza. Enzi zile redio ilikuwa inarusha programu za kompyuta hewani, ile milio ya kukwaruza, wewe nyumbani unarekodi halafu unailisha kompyuta. Sasa redio yake haikuwa na tundu la waya, kwa hiyo aliweka kinasa sauti mbele ya redio, juu ya meza ya jikoni, akarekodi hivyo hivyo.

"Ndiyo maana ikagoma," Szilárd akamkatiza. "Kelele za nyumbani ziliingia."

"Ziliingia, ndiyo," mzee akasema. "Mimi nilichotaka ni isikike tena, maana…"

"Ya kompyuta haisikilizwi, mzee wangu. Inafunguliwa. Niachie mimi."

Szilárd alikuwa ameshageuka, anatafuta bisibisi.

Basi jamaa akaivamia ile kazi kama mwenye njaa. Akaunga utepe. Akaingiza kwenye kompyuta vipande vilivyosomeka. Pale palipoharibika, akajaza mwenyewe kwa mkono, tarakimu baada ya tarakimu, kwa kukisia mwandishi alikusudia nini.

Siku aliyomaliza alinipigia simu, anahema kama aliyetoka kukimbia. Akaniambia kelele za jikoni zilikuwa zimekula karibu robo ya programu, lakini kazibwaga. Na ameirekodi upya, safi kabisa, juu ya kaseti ile ile. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa heshima: mtu arudishiwe kaseti yake mwenyewe ikiwa nzima, siyo kopi.

Nikampongeza. Nani asingempongeza?

Jumamosi yenyewe mzee alikuja na tai, nywele kazichana na maji. Tukamkalisha mbele.

Szilárd akabonyeza. Milio ikakwaruza, mistari ya rangi ikacheza kwenye kioo, kisha treni dogo likatokea, likaanza kupita kwenye mahandaki. Mchezo wa kitoto tu, lakini sisi wazee tulishangilia kama timu yetu imefunga.

Mzee akawa anasubiri.

"Mbona sauti haipo?" akauliza.

Szilárd akaongeza sauti ya televisheni. Treni likapiga honi.

"Siyo hiyo. Ya mtoto."

Makofi yakafa moja moja.

Ndipo mzee akatueleza. Alikuwa na binti, Emőke, wa miaka sita. Aliingia jikoni redio ikiwa inarusha, akaongea, na sauti yake ikanaswa humo ndani. Majira ya baridi yaliyofuata, homa ya uti wa mgongo ikamchukua. Picha zake zipo. Sauti ni hiyo moja tu. Enzi zile nani alihangaika kumrekodi mtoto?

Mkewe hakuweza kuvumilia kuisikia, kwa hiyo kaseti ilikaa kabatini miaka yote. Mama huyo alipofariki, mzee ndiyo akathubutu kuiweka kwenye kinasa sauti. Kikautafuna utepe kabla haujafika kwa mtoto.

Rozália akauliza kwa sauti ndogo kama kuna nakala popote. Laptop, ambayo ingenakili sauti kwanza, tuliipiga marufuku wenyewe; nakala itoke wapi?

Szilárd alikuwa mweupe kama chaki.

"Wewe ulimsikia?" mzee akamuuliza.

"Nilimsikia."

"Alikuwa anasemaje?"

Szilárd akatutazama, kama anayetafuta wa kumwokoa.

"Alikuwa anaimba, mzee. Wimbo wa watoto. Alikuwa na sauti nzuri."

Mzee Ambrus akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Hakuwa anaimba," akasema. "Aliniomba maji. Nikamzaba kibao kwa sababu ananiharibia programu. Alikuwa analia." Akainuka, akavaa koti lake. "Hata kilio hicho ningekipokea, mwanangu."

Akatuaga sote kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, Szilárd akiwa wa mwisho. Akamshukuru kwa kazi yake. Na nilimwona, hakuwa anamkejeli. Alimshukuru kweli. Kisha akachukua kaseti yake akaondoka.

Treni bado lilikuwa linazunguka kwenye kioo. Hakuna aliyekuwa na mkono wa kulizima.

Szilárd haji tena. Nilimfuata kwake mara mbili, akaniambia kupitia mlango kwamba yuko bize. Siku hizi laptop zinaingia mpaka mezani, na kaseti yoyote tunaichukua nakala kabla ya kuigusa. Tumekuwa werevu sana, mtoto wa watu akiwa ameshafutwa.

Ndugu zangu, wema nao una mikono mizito. Ukitaka kumsaidia mtu, kwanza mwache amalize sentensi yake.