Grafu ya Dagaa, Darasa la Sita

Mwalimu wa taaluma wa shule yetu ya msingi, huku Buhongwa, aliamini grafu ni kazi ya rula. Mstari ukinyooka, kichwa kikipigiwa mstari, mtoto kapata vema. Grafu inasema nini, hilo halikumhusu, na sidhani kama liliwahi kumpitia akilini. Darasa lake la sita lilichora grafu za kupendeza kama vitambaa vya makochi, na hakuna mtoto aliyeielewa hata moja.

Nilipopewa darasa lile nikachora ubaoni grafu ya dagaa: ndoo ambazo jirani yangu muuzaji alikuwa akizipata mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kila wiki. Nikanyooshea kidole palipoporomoka.

"Hapa kumetokea nini?"

"Mstari umeshuka, madam," wakaitikia kwa pamoja.

"Mstari haushuki wenyewe. Kwa nini?"

Binti mmoja, ambaye mama yake huanika dagaa, akasema, "Mbalamwezi. Mwezi ukiwaka sana dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hawaendi."

Mvulana wa nyuma akabisha. "Labda ulikuwa upepo."

"Sasa tutajuaje nani kasema kweli?"

"Tuongeze wiki zingine," akasema binti. "Tuandike na mwezi, na upepo."

Furaha niliyoipata hapo haikudumu. Mwalimu wa taaluma aliingia bila hodi, akautazama ubao kama mtu aliyekuta mavi ya mbuzi ofisini kwake.

"Madam, hili ni somo la hisabati au la uvuvi?"

"Ni takwimu, mwalimu."

"Kichwa cha grafu hujakipigia mstari."

Akachukua chaki na rula, akakipigia mwenyewe, ulimi umetoka kidogo, akaondoka ameridhika.

Mtihani wa muhula aliutunga yeye na kuusahihisha yeye. Palikuwa na grafu ya mvua. Binti yule aliichora, kisha akaandika chini yake kwamba mvua za mwaka mmoja hazitoshi kuamua lolote. Akapewa kosa. Nilimfuata mwalimu wa taaluma ofisini, hakuinua hata macho.

"Swali limesema chora. Nani kamwomba maoni?"

Muhula uliofuata nikahamishiwa darasa la kwanza, kuhesabu vijiti. Yeye akapanda, akawa mwalimu mkuu. Siku ya wazazi alibandika ukutani grafu ya ufaulu wa shule, rangi tatu, mistari imenyooka kweli kweli. Wazazi wakapiga makofi. Nikasogea kuitazama: haikuwa na namba hata moja, upande wowote.

Nilitoka nikaenda kunywa chai.