Kamba ya Mbwa

Jana mbwa wa jirani alipomwangusha mwanangu mlangoni kwa mara ya tatu, uvumilivu uliniisha.

"Yuwacheza tu, mama," jirani akaniambia, kamba ya katani ikining'inia mkononi mwake.

"Basi na acheze na wanao!"

Kamba ile ilinuka jasho la mbwa, kama ya baba kule Ganda, kijiji nilikokulia. Baba alimshika mbwa wetu kwa kamba mpaka shambani, kisha akapaza sauti nyumba zote zisikie: "Kina mama, namfungulia!" Sisi watoto tuliingizwa ndani, tukachungulia mbwa akifukuza nyani hadi ulimi nje.

Nimechoka kueleza. Leo nimempelekea chifu barua: "Mtaani mbwa ashikwe kwa kamba. Akitaka kukimbia, apelekwe ufuoni maji yakipwa. Mwanangu ana miaka minne, na sasa anaogopa mlango wetu wenyewe."