Wanyama wa Nyumbani wa Kunow

Mashine ya gemu ikiwashwa ina mlio wake, mzito, unapanda polepole kama mtu anayeamka bila kutaka. Juzi niliusikia kutoka chumba cha binti yangu Darmi, nikiwa jikoni nafukiza kibuyu cha maziwa. Nilisimama na kijinga cha moto mkononi mpaka moshi ukaniingia machoni.

Darmi alikuwa analalamika. Alikuwa amenunua ule mchezo wa maisha, wa kujenga nyumba na kuweka watu ndani wapike, walale, wazeeke, akidhani amenunua kitu kizima. Kumbe misimu ya mwaka inalipiwa kando. Akaniambia, "Mama, hawa watu wanauza mvua."

Nilicheka, na kicheko kikaisha haraka, kwa sababu nilimkumbuka Kunow. Namtaja jina. Nimefika umri wa kutaja watu.

Kunow alikuwa na kibanda cha gemu hapa Kiwanjani, cha mabati, ubavuni mwa hoteli ya chai ya mamake. Ndani kulinuka jasho na waya zilizopata moto, na majani ya miraa yaliyokanyagwa yalijaa sakafuni. Usingeweza kukaa mchana bila nguo kukushika mgongoni. Lakini mimi nilikuwa nakaa.

Nilikuwa na miaka kumi. Kwetu ni upande wa Rapsu, na wezi wa mifugo walikuja alfajiri moja. Baba yangu tulimwita Abba, mama tulimwita Aayo, na dada yangu alikuwa Kabale. Hao wote watatu walibaki pale. Mimi nilikuwa kwa jirani. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Niliokotwa nikaletwa mjini kwa shangazi yangu Halima, naye pia namtaja, ingawa ni marehemu. Siku ya kwanza alinishika kidevu akasema, "Hapa hatulii. Umebaki hai, mshukuru Mungu." Watoto wake nao waliambiwa wasiniulize kitu chochote. Wakatii. Nilikuwa nalala katikati ya watoto sita, na hakuna aliyeniuliza hata jina la dada yangu.

Shangazi alinituma kuteka maji, na hoteli ya mamake Kunow ilihitaji maji. Tukapatana na Kunow: nikileta mtungi mmoja, nacheza nusu saa. Wavulana walikuwa wanagombania gemu za mpira. Kwenye kona kulikuwa na TV moja yenye ule mchezo wa maisha, nao waliuita gemu ya kufagia nyumba. Hakuna aliyeutaka. Nikauchukua.

Nilimtengeneza Abba, mrefu, mwembamba. Nilimtengeneza Aayo, nikamtafutia mtandio wa kichwa nikakosa, nikampa kofia ya jua. Kabale nilimpa gauni jekundu. Mimi mwenyewe sikujiweka. Niliona inatosha niwaangalie.

Ulikuwa mchezo wa kukasirisha. Kitufe kimoja kilikuwa kimekwama, kwa hiyo Abba alipenda kwenda kushoto. Aayo alichoma jikoni mara mbili, akasimama akilia badala ya kuzima. Wakizungumza, walitumia lugha ambayo haikueleweka. Wasomali pale kibandani waliapa ni Kiturkana, Waturkana wakasema hiyo ni Kimeru, na Mmeru mmoja aliyekuja kuuza miraa akasikiliza sana, akasema hicho ni Kiborana kimeharibika. Wakanigeukia mimi, Mborana. Nikasema ndiyo, ni Kiborana. Kila siku niliwaita kwa majina yao, kwa sauti, nikiwaambia kaeni, kuleni, laleni.

Shida ilikuwa moja. Kwenye mji wote wa ule mchezo hakukuwa na mbuzi hata mmoja. Abba alitoka asubuhi, akasimama uani, akatazama kulia na kushoto, akarusha mikono juu. Wavulana walisema mashine imelemewa. Mimi nilijua anatafuta ng'ombe.

Nikamuuliza Kunow. Akasema iko sidii nyingine, ya nyongeza, ina wanyama wa nyumbani, lakini hiyo inalipiwa kando: nimtekee maji mwezi mzima bila kucheza. Shule niliachia darasa la nne, lakini wanyama wa nyumbani nilikuwa nimefundishwa. Ni ng'ombe, mbuzi, kondoo, na kwetu sisi ngamia. Nikateka. Shingo iliuma mpaka nikawa nageuka mwili mzima nikiitwa. Njiani nilichagua majina ya ng'ombe, na nikaamua ile nyeupe itakuwa ya Kabale.

Siku ilipofika, Kunow aliweka ile sidii mwenyewe. Ikatokea nyumba nisiyoijua. Kitandani, juu ya shuka, alikuwa amelala mbwa.

Wavulana walicheka hadi wakashika mabati. Mbwa kitandani, kwa nyumba ya Mwislamu. Nikauliza ng'ombe wako wapi. "Wanyama wa nyumbani ndio hawa," Kunow akasema. "Mbwa na paka. Huko kwao ng'ombe haingii kwa nyumba."

Nikasema basi, anirudishie watu wangu.

"Nilifuta," akasema. "Kadi ya kuhifadhi gemu ilikuwa imejaa, hii mpya haingeingia. Tengeneza wengine, ni dakika tano."

Nililia. Nililala chini kwenye yale majani nikalia mpaka mamake Kunow akaacha wateja akaja. Shangazi yangu akaitwa, akaja mbio akidhani nimepigwa. Alipoambiwa ni kitu cha TV aliwageukia wanawake waliokuwepo, akasema, "Wenyewe walipokufa hakutoa chozi. Leo analilia televisheni." Maneno hayo yalizunguka Kiwanjani yote. Nilikua nayo, na niliolewa nayo.

Kunow bado yupo, siku hizi anauza simu. Ananipa salaam aleikum sokoni kwa furaha, kama mtu aliyecheza na wewe utotoni, nami naitika kwa sababu ni wajibu.

Nikiwa mtoto niliamini alifanya kusudi. Nilidhani anajua, maana niliwaita kwa majina mbele yake kila siku. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaona kwamba hakuna aliyemwambia. Shangazi alifunga midomo ya nyumba nzima, mdomo wangu ukiwa wa kwanza, kwa hiyo kwa Kunow, Abba alikuwa jina la mchezo tu. Hili nimelielewa, na bado sijamsamehe. Yeye alifuta kadi iliyojaa. Ni mimi peke yangu niliyejua kuna watu ndani.