Neno la Baba Siku ya Kuondoa Matanga

Jumamosi, tarehe kumi na nne, mwezi wa sita. Asubuhi ukungu ulifunika mtaa wetu wote wa Yoba, hapa Burundi, kisha likatoka jua lisilo na joto, na vumbi.

Leo tumeondoa matanga ya baba. Kwa Kirundi ni kuganduka. Siku hiyo watoto wa marehemu husimamishwa mbele ya watu, wakatambulishwa. Asiyetajwa, watu huondoka wakijua si mtoto wa nyumba ile.

Tuko watatu: kaka, mimi, na mdogo wetu aliyeolewa na fundi cherehani wa Kiislamu huko Muyinga. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Siku chache kabla ya kufa, akili zikiwa timamu, alituusia kwamba huyo wa Muyinga asitajwe. Nilikuwepo, nilisikia. Baadaye homa ilipopanda alisema, "Mwiteni yule mdogo aje ale." Hilo nalo nilisikia, peke yangu, nikamwambia kaka. Sijui kama alimtaka kweli, au mawazo yake yalikuwa yamerudi kambi ya wakimbizi kule Tanzania, enzi zile wote tukiwa wadogo. Siwezi kuapa.

Kaka alisema la homa si neno, la wosia ndilo neno.

"Kitabu hakina kosa," aliniambia. "Na Kitabu kinataka mzazi aheshimiwe. Ukichomoa uzi mmoja, shuka yote inafumuka."

Nami naamini Kitabu hakina kosa. Niliishia darasa la saba, sina cha kubishia. Niliuliza tu: baba ameingiaje humo Kitabuni?

"Kwa mlango," kaka alisema, akacheka. Nami nikacheka kidogo.

Nimtendee haki: yeye ndiye aliyembeba baba mgongoni mpaka hospitali, na ndiye aliyekuwa akimwogesha. Mimi nilishika taulo.

Wiki iliyopita alinituma Muyinga nikamwambie mdogo wetu asije. Nilifika mchana. Shemeji alikuwa barazani anashona kanzu, akanitazama usoni kabla sijakaa.

"Shemeji, we kula kwanza," alisema. "Ujumbe haipoi. Wali iko inapoa."

Nikala. Kisha nikasema kama nilivyotumwa, hata la Kitabu, bila kupunguza wala kuongeza. Mdogo wangu alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuacha.

"Ni baba huyuhuyu aliyesema tukirudi Burundi tutakuta nyumba yetu imesimama?"

"Huyohuyo."

"Tukakuta mihogo ya mtu."

"Ndiyo."

Shemeji akasema hata kwao Kitabu hakikosei. "Lakini baba yangu, eh! Huyo alikuwa anakosea mpaka njia ya msikiti." Tulicheka wote watatu, kicheko kikaisha upesi.

"Shamba silitaki," mdogo wangu alisema. "Hata mbuzi sitaki. Nitajwe tu, dada. Nisipotajwa, wanangu watakuwa wajukuu wa nani?"

Sikumwahidi kitu. Nilingoja niumie, sikuumia. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

Leo akasimama mshingantahe, mzee mwamuzi wa mtaa wetu. Mimi na kaka tulikuwa mbele, wageni kwenye mabenchi.

"Watoto wa marehemu ni hawa?"

"Ni hawa," kaka akajibu.

"Wameisha?"

Nadhani kaka alisita. Sina hakika, na sitaki kumpa sifa wala kumnyang'anya. Akasema, "Wameisha."

Ndipo nikasikia sauti yangu inasema yupo mwingine, yuko Muyinga, ameolewa, ana watoto. Sikusema baba alikosea. La homa sikuligusa, kwa sababu sina hakika nalo. Mzee akauliza kama kuna anayemfahamu huyo. Mama mmoja jirani akapaza sauti: "Si yule mwenye mwanya? Nani hamfahamu! Alinivunjia chungu."

Watu wakacheka. "Basi watoto ni watatu," mzee akasema, na makofi yakapigwa.

Wageni walipoondoka kaka alinifuata jikoni.

"Umemfanya baba mwongo."

"Nimehesabu tu, kaka."

"Nani alikuomba uhesabu?"

"Mzee aliuliza."

"Aliniuliza mimi."

Hapo alisema kweli. Mzee alimuuliza yeye. Huenda haki iko kwake na mimi nimeupita wosia wa marehemu kwa miguu yangu miwili. Nimejaribu kuogopa, hofu haiji. Furaha nayo haiji.

Nilimpigia mdogo wangu simu nikamwambia, "Umetajwa."

"Nimetajwa na kaka?"

"Na mzee."

Nikamsikia shemeji kwa nyuma akiuliza kuna nini. Kisha mdogo wangu akasema, "Sawa. Imetosha," na simu ikakatika. Sikujua kama ni yeye aliyekata au ni mtandao.

Nyama iliisha kwa wageni. Jioni tumekula ugali wa muhogo na mboga za lengalenga, wifi akatuongezea ndagala kidogo, dagaa wa kwetu. Kaka alikula amesimama mlangoni, akamaliza sahani yake.