Mitaro Tisa ya Gaudiose

Gaudiose alizaliwa Burundi, huko milimani Ngozi, ambako mtoto hushika jembe kabla hajashika kijiko vizuri. Kila Jumamosi baba yake alichimba makingamaji, mitaro ya kuzuia mvua isibebe udongo, kwa amri ya serikali. Asiyechimba alipigwa faini. Ndiyo maana hata Marekani, alikofika kama mkimbizi, mwanamke huyu hakuweza kuona mteremko ukiliwa na mvua akapita kimya.

Mteremko wenyewe aliupata mwendo wa saa moja kusini ya Haltom City, mji alioishi, kwa Bwana Tully, mzee wa ng'ombe wachache na malalamiko mengi. "Lima tu," alimwambia mwaka 2017. "Pale hapaoti kitu." Kweli, palikuwa na makorongo ya kumzika mtu. Siku tano za wiki Gaudiose alifua mashuka ya hoteli. Ya sita alichimba. Miaka miwili, kwa jembe la mkono, mitaro tisa, usawa wake ukipimwa kwa kamba na chupa ya maji. Juu ya tuta la kila mtaro alipanda nyasi alizozing'oa kando ya barabara. Udongo ukatulia. Maharage yakakubali.

Masika ya 2019 Bwana Tully akampigia simu Macaire, mume wa Gaudiose. Ijumaa asije mtu shambani. Ofisa wa kaunti anakuja kukagua mitaro, maana serikali inawalipa wakulima wanaohifadhi udongo, naye mzee ameomba malipo hayo.

"Ameomba kwa lipi?" Gaudiose aliuliza.

"Kasema kaichimba yeye."

"Yule? Asiyeweza kuinama akafunga viatu vyake?"

"Mama Mélissa, mwenye nguvu mpishe. Akitufukuza tutalima wapi, sebuleni?"

"Nilimpisha Burundi. Nikampisha kambini. Sasa nimpishe mpaka wapi, Baba Mélissa? Baharini?"

Ijumaa mke na mume walifika kabla ya wote. Ofisa, binti mwenye buti safi, alipima, akapiga picha, akasifu. "Kazi nzuri sana, bwana. Ulitumia trekta gani?"

"La zamani," mzee akajibu, jicho kavu.

Gaudiose akajitokeza katikati ya maharage. Kiingereza chake kilikuwa cha chumba cha kufulia, lakini kilitosha. "Mimi. Mikono hii."

Ofisa akatazama ile mikono, kisha karatasi zake. "Una mkataba wa kukodi, mama?"

Hakuwa nao.

"Huwa wananisaidia," mzee akasema, akitabasamu. "Watu wazuri hawa. Wachapakazi."

Tabasamu lile ndilo lililomwasha. Gaudiose akashuka hadi kwenye tuta la kwanza, lile lililokula kiangazi chake kizima, akainua jembe, akalibomoa. Udongo ukaporomoka mtaroni pamoja na nyasi zake. Akahamia la pili.

"Gaudiose!" Macaire alipiga kelele. Hakuwahi kumwita kwa jina mbele ya watu.

"Mwambie aache!" mzee akafoka.

Gaudiose akamnyooshea mpini. "Si umechimba wewe? Haya, chimba tena. Huyu binti wa serikali akuone."

Macaire alitafsiri kwa sauti ya chini, akitazama ardhi.

Mzee hakulipokea jembe. Ofisa alingoja, kalamu mkononi, akangoja tena, kisha akafunga faili bila kuandika neno.

Siku ya pili yake walikuta kufuli jipya langoni, na maharage yamebaki ndani, yametoa maua. Gaudiose alitema mate chini, akaingia garini, akabamiza mlango.